Milioni 19 za India: kisa cha bodi ya wadhamini Pemba

Jumuiya yetu ya Chake Chake haina hospitali wala daktari, na ofisi yake ni chumba kimoja cha kuazima. Kazi yake ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Mtoto wa Pemba akigundulika ana saratani hupanda boti Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, kisha boti nyengine hadi Dar es Salaam, na huko Muhimbili anaweza kukaa miezi akitundikiwa dawa, mama yuko naye, baba kabaki kisiwani na wadogo. Dawa mzazi halipii. Serikali na wahisani wanazibeba. Kinachowarudisha watu nyumbani kabla matibabu hayajesha ni hayo mengine yote, na hapo ndipo tunapoingia sisi.

Wadhamini tuko watano: muuguzi mstaafu, maalim wa chuo cha Kurani ambaye pia ni imamu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwalimu wa skuli ya sekondari, na mimi niliyeajiriwa kufanya hesabu za fedha za watu tangu ujana. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wazazi na ya wenzangu. Majina nimeyaacha, kijiji sikitaji zaidi ya kusema ni upande wa Micheweni, na alama mbili tatu ambazo zingemtambulisha mtoto nimezibadilisha.

Suala lilivyotufikia lilikuwa hivi. Kwenye akaunti ya jumuiya kulikuwa na shilingi milioni 19 na ushei, zilizochangwa na mamia ya watu ili binti mmoja asiyetimiza miaka mitatu apelekwe India, jicho lake la kushoto lising'olewe. Madaktari wa Dar es Salaam walishasema jicho litolewe, na litolewe upesi. Ami yake aliyeko Maskati, aliyeanzisha mchango huo, alikuwa akitupigia simu kila jioni kuuliza tiketi zinakatwa lini.

Jicho lenyewe

Mama ndiye aliyeona mwanzo. Usiku, mwanga wa simu ukimpiga mtoto usoni, mboni ya kushoto iling'aa nyeupe, kama jicho la paka. Baada ya muda jicho likaanza kwenda kengeza. Kituo cha afya walichokwenda kwanza kiliandika mtoto wa jicho na kuwaambia warudi akishakua kidogo.

Aliyeandika vile simlaumu sana. Saratani hii, retinoblastoma, humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Kwa kisiwa chenye watu laki tano na ushei, kama sensa ya 2022 ilivyotuhesabu, huyo huenda ni mtoto mmoja kwa mwaka Pemba nzima. Muuguzi anaweza kufika kustaafu bila ya kukutana naye, na mtoto wa jicho naye huifanya mboni kuwa nyeupe. Ila mboni nyeupe kwa mtoto mchanga si jambo la kusubiri akue. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, hata ikija kuonekana kuwa ni mtoto wa jicho kweli, maana hata huo kwa umri ule unaweza kumpofua.

Uvimbe huu huota kwenye retina, nyuma ya jicho, kutokana na hitilafu katika jeni inayoitwa RB1, na karibu watoto wote wanaopatwa huwa hawajafika miaka mitano. Ukikamatwa ungali ndani ya jicho, mtoto hupona. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya 95 kwa kila 100. Ukishaenea kupitia mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho hadi kufika ubongoni, wanaopona ni wachache mno. Muuguzi wetu hupenda kukumbusha kwamba hii ni moja kati ya saratani sita ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka mbele katika mpango wake wa 2018, unaotaka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Nchi tajiri zimeshapita 80. Nchi nyingi maskini hazifiki 30, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni watoto waliochelewa kufika au waliokatisha matibabu.

Binti huyu alifika Dar es Salaam akiwa amechelewa, lakini hajapitwa. Vipimo vilionesha uvimbe umelijaza jicho na jicho halioni tena. Nje ya jicho hakukuonekana kitu. Madaktari huyapanga macho haya kuanzia kundi A hadi E, na lake lilikuwa E. Wakaeleza kwamba jicho likishatolewa litapelekwa maabara, mwisho wa ule mshipa uangaliwe, ndipo ijulikane kama kemo, yaani dawa za kuua saratani, itahitajika.

Baba akaomba akashauriane na wazee. Wakarudi Pemba.

Nyumbani, bibi mzaa baba alisema neno ambalo kila aliyekuwepo alilielewa: mtoto wa kike, jicho moja, nani atakuja kumposa? Ni rahisi kwa msomaji wa mbali kuliona neno hilo la kijinga. Mimi silioni hivyo. Bibi yule alikuwa anamfikiria mjukuu wake akiwa na miaka ishirini, yaani alikuwa ameshamhesabu kuwa ataishi. Hakuna aliyekuwa amekaa naye kumweleza kwamba hilo ndilo lililokuwa hatarini.

Ujumbe wa Maskati

Ami alipopata habari alisema wasubiri, yeye atampeleka India. Usiku ule ule akatunga ujumbe wa WhatsApp. Picha ya binti ilikuwa juu, uso mzima, jicho likionekana. Chini yake maelezo kwamba madaktari wa hapa wanataka kumng'oa mtoto jicho, kwamba India wana uwezo wa kuliokoa, kwamba zinatakiwa milioni 30, na mwisho nambari ya akaunti na ya simu ya jumuiya yetu. Nambari hizo alipewa na mjumbe mmoja wa kamati tendaji, aliyedhani anasaidia. Bodi haikuulizwa.

Pesa zilianza kuingia siku ya pili yake, kutoka Wete, Mjini Unguja, Dar es Salaam, Maskati na Dubai. Nyingi zilikuwa elfu tano, elfu kumi, elfu ishirini. Mweka hazina alitupigia simu akiwa na furaha. Tulipousoma ujumbe wenyewe ndipo tulipoitana.

Kikao kile kilikuwa kikali. Mfanyabiashara wetu alisema jambo halina utata: watu wametoa kwa ajili ya India, mwenye mtoto anataka India, sisi ni mfereji tu, maji yapite. Muuguzi alisema haitoki hata shilingi moja kwenda India. Mtoto atolewe jicho Dar, na fedha zitumike kwake na kwa watoto wengine wawili waliokuwa wanasubiri nauli. Akauliza kwa sauti ya juu kwa nini watoto wawili wakae majumbani ilhali benki mna milioni 19.

Maalim hakukubaliana na yeyote. Alitukumbusha kanuni ya wanazuoni kuhusu wakfu, kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huchukuliwa kwa uzito wa matamshi ya sheria. Fedha zile hazikuwa wakfu, alisema, lakini maana inabaki: aliyetoa amesema pa kupeleka. Kumpeleka mtoto India ikiwa kutamdhuru hatuwezi, kwa sababu hakuna aliyetoa ili mtoto adhurike. Kuzigeuza kuwa za Dar bila kuuliza nako hatuwezi. Kisha akatoa simu na kutuonesha kwamba watumaji kadhaa walikuwa wameandika neno zaka, jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tumelitazama.

Mwalimu alifungua katiba ya jumuiya, ile tuliyoiwasilisha kwa Mrajis tulipoandikishwa chini ya Sheria ya Jumuiya Nambari 6 ya 1995. Ilisema madhumuni yetu ni kusaidia watoto wenye saratani na familia zao kupata matibabu. Haikusema lolote kuhusu fedha zilizochangwa kwa jina la mtoto mmoja, wala zikizidi, wala safari yenyewe ikifa. Nimezisoma katiba za jumuiya kadhaa za hapa visiwani tangu wakati huo na sijaona yenye kifungu hicho. Tunaandika kurasa nzima juu ya sifa za mwenyekiti.

Mimi niliuliza swali la mtu wa hesabu: operesheni ya Dar ni shilingi ngapi?

Muuguzi akajibu kwamba hailipiwi.

Kwangu mimi kisa chote kiko kwenye jibu hilo, ingawa ilituchukua muda kuliona. Tulikuwa tumekaa saa mbili tukibishana kana kwamba kuna njia mbili mbele ya mtoto na fedha ndizo zitakazochagua. Njia moja kati ya hizo haikuhitaji fedha za mchango hata kidogo. Ilihitaji nauli ya mtoto na mama yake na posho ya kukaa Dar, vitu ambavyo mfuko wetu wa kawaida ungeweza kuvilipa asubuhi yake. Kwa hiyo zile milioni 19 zilikuwa zinafanya kazi gani? Zilikuwa zinamfanya baba asubiri. Kila jioni ami aliandika kwenye kundi la familia kwamba tumefika 11, tumefika 15, na kila tarakimu mpya ilikuwa sababu ya kungoja siku nyengine. Operesheni ilikuwa imepangiwa tarehe bila ya mtu kujua: siku itakapotimia milioni 30. Na aliyekuwa ameishikilia kalenda hiyo ni akaunti yetu sisi, jumuiya ya watoto wenye saratani.

Nimekuwa nikisikia kwamba kazi ya mdhamini ni kutafuta fedha na kuzilinda zisiliwe. Ni kweli, na wizi upo. Lakini fedha zile hakuna aliyekuwa anaziiba. Zilikuwa salama benki, zimeandikwa vizuri, na zilikuwa zinamchelewesha mtoto.

Tulipiga kura usiku ule. Tangazo litolewe kwamba jumuiya haipokei tena mchango wa safari hiyo. Fedha zilizoingia zisiguswe kwa lolote mpaka waliotoa waulizwe. Nauli na posho ya Dar itengwe kutoka mfuko wa kawaida, ikae tayari, wazazi waarifiwe kwamba ipo. Wanne waliunga mkono. Mfanyabiashara alipinga kusimamisha mchango, na akataka upinzani wake uandikwe kwenye muhtasari. Ukaandikwa.

Mtoto ni wa nani

Bodi ya wadhamini haimtoi mtu jicho. Haina mamlaka juu ya mtoto, na saini yake kwenye fomu ya operesheni haina maana. Muuguzi alipendekeza twende moja kwa moja kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto Nambari 6 ya 2011 inayaweka maslahi ya mtoto mbele, na maslahi ya mtoto huyu hayakuhitaji mjadala. Kwa upande wa sheria sidhani kama alikosea.

Tulichokubaliana ni kwamba hiyo iwe njia ya mwisho, yenye tarehe. Sababu yangu ilikuwa ya kimatibabu zaidi kuliko ya huruma. Operesheni ni siku moja. Baada yake kuna kemo pengine, kuna kuangaliwa jicho la pili mara kwa mara, kuna miaka ya kurudi kliniki. Familia iliyoburutwa mara ya kwanza haitarudi mara ya pili, na hakuna ofisa atakayepanda nao boti kila mara. Lakini pia bodi inayojua kwamba mtoto atakufa akiachwa haiwezi kujificha nyuma ya heshima kwa wazee. Kwa hiyo mwalimu na mimi tulikwenda kwa baba, tukamweleza uso kwa uso kwamba ikifika tarehe fulani hajaamua, tutatoa taarifa, na kwamba tunamwambia yeye kwanza kwa sababu hatutaki asikie kwa sheha. Hakufurahi. Alitupa chai, hata hivyo.

Muuguzi alichukua kazi ya Maskati. Nilitarajia angegombana na ami. Alikuwa na hasira za kutosha. Badala yake alimwambia kwamba India si uongo. Uvimbe mdogo kwenye jicho linaloona huweza kutibiwa kwa mwanga wa leza, kwa kugandishwa kwa baridi kali, au kwa kemo inayopelekwa kupitia mshipa wa damu wa jicho, na wako watoto wanaobaki na macho yao. Alimwomba jambo moja tu: apeleke picha za vipimo kwa hospitali ile ile aliyokuwa anawasiliana nayo, aulize kama jicho hili, lilivyo sasa, litaokolewa. Majibu yalirudi baada ya siku chache. Wangelitoa na wao.

Ami hakuficha majibu yale, ingawa angeweza. Alimpigia mama yake mwenyewe, yaani yule bibi, akamsomea. Mtu aliyeshawaambia mamia ya watu kwamba jicho litaokolewa, kisha akakubali mbele ya ukoo kwamba haliokoleki, anastahili kutajwa kwa hilo.

Baba alitaka kusikia kwa Maalim kama inafaa kukata kiungo cha mtoto. Maalim alimweleza kanuni ya kubeba dhara dogo ili kuepuka dhara kubwa, akamwambia pia kwamba jicho lile halikuwa linaona. Mama na bibi muuguzi aliwapeleka Wete kwa kijana wa darasa la nne aliyetolewa jicho kwa maradhi hayo hayo akiwa mdogo, na sasa ana jicho la bandia. Bibi alikaa naye, akamtazama sana, kisha akasema ni hili la kulia. Lilikuwa la kushoto.

Operesheni ilifanyika kabla ya tarehe tuliyoiweka. Maabara ilikuta mwisho wa mshipa ni safi, lakini uvimbe ulikuwa umeingia kwenye tabaka lililo chini ya retina, hivyo ikaamuliwa apigwe duru kadhaa za kemo. Alizimaliza. Nywele zimerudi na anapigana na wenzake kama kawaida, na kliniki anaendelea nayo.

Kurudi kwa waliotoa

Sehemu hii wenzetu wengi huiruka, wakiona kwamba mtoto keshatibiwa, basi yaliyobaki ni karatasi. Ilituchukua muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia.

Mwalimu aliandika ujumbe mfupi kwa kila aliyechangia. Ulisema mtoto ametibiwa Dar es Salaam; safari ya India haikuhitajika kwa ushauri wa madaktari wa pande zote mbili; fedha zote zipo. Kisha ukatoa hiari: arudishiwe alichotoa, au akubali kitumike kwa mahitaji ya binti huyu na familia yake katika matibabu haya, na kitakachobaki kiwasaidie watoto wengine wenye saratani. Hakukuwa na picha. Tuliutuma kwa nambari zilizoonekana kwenye taarifa za benki na za simu, na ami akausambaza kwenye makundi yale yale alikoanzia. Maalim aliusoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa na akaomba maimamu wenzake wafanye hivyo.

Wengi walijibu kwamba zitumike. Wachache walitaka zao, na mmoja aliandika matusi ya nguoni, kwamba tumemfanyia mtoto ukatili na sasa tunakula sadaka. Alirudishiwa siku hiyo hiyo. Tukakutana na tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia: makato ya kutuma. Mtu aliyetoa elfu hamsini akirudishiwa pungufu atasema tumekula kweli. Tukilipa makato kutoka mfuko wa kawaida, tunakata nauli ya mtoto mwengine. Mfanyabiashara, yule yule aliyepinga, aliyalipa kutoka mfukoni mwake, na akataka hilo lisiandikwe. Nikamwambia lazima liandikwe, kwa sababu fedha iliyoingia bila ya makubaliano ya maandishi ndiyo iliyotufikisha hapa. Limeandikwa kama mchango wake.

Zaka tuliitenga kabisa. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki, na Maalim alishikilia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii anayestahiki lazima amilikishwe: apewe mkononi, iwe yake. Jumuiya kumnunulia tiketi si kumpa zaka. Hali ya familia ilikuwa inajulikana, maskini bila ya shaka, kwa hiyo baba aliitwa, akakabidhiwa mbele ya mashahidi wawili, akatia saini.

Kutoka kwenye fedha hizo alikwenda kukomboa mikarafuu yake. Alikuwa ameikodisha kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya safari ile ya kwanza, kabla hajatujua. Manung'uniko yalikuwepo, hata ndani ya bodi: watu wametoa kwa mtoto mgonjwa, yeye analipia miti. Mimi niko na Maalim kwa sababu ya fikihi na kwa sababu nyengine pia. Baba asiye na mikarafuu, msimu ukifika, huenda kuchuma ya watu, na mtoto anayetakiwa kliniki wiki hiyo hapelekwi. Nimeona matibabu yakikatika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Maneno "na familia yake" kwenye ujumbe wa mwalimu yalileta ubishi wakati yanaandikwa. Muuguzi aliyaona ni ya ziada. Yalikuja kutusaidia haraka. Binti ana mdogo wake wa kiume, wakati huo wa miezi michache. Kati ya watoto wenye uvimbe wa jicho moja, takriban 10 hadi 15 kwa 100 huwa na hitilafu ile ya RB1 katika chembe zote za mwili, na ndugu zao huenda nao wanayo. Wenye uvimbe macho yote mawili karibu wote wanayo. Madaktari wakataka mdogo aangaliwe. Nauli yake ingetoka wapi, kama waliotoa walikubali kwa binti peke yake? Tulilipa bila ya kuitisha kikao. Macho yake ni mazima, na ataendelea kuangaliwa.

Sasa tuna fomu. Hakuna tangazo la mchango linalotoka na nambari zetu bila ya saini za wadhamini wawili. Linataja matumizi yaliyoulizwa hospitali, si yaliyokisiwa. Linasema fedha zikizidi au safari isipokuwepo zitakwenda wapi. Na uso wa mtoto hauoneshwi. Picha ya binti yule bado inazunguka. Hilo hatuna dawa yake, na atakapoanza skuli atakutana nayo.

Fedha zilizobaki bila ya jibu ni milioni nne na kitu. Nyengine zilitumwa na mtu mmoja kwa niaba ya ofisi nzima, au na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wenyewe wanabishana. Nyingi ni za watu ambao nambari zao hazipatikani tena. Muuguzi anasema tumeshauliza vya kutosha na watoto wapo. Maalim anaona mfano wa karibu ni mali iliyookotwa: itangazwe mwaka mzima, kisha itumike, na akitokea mwenyewe baadaye alipwe. Mwalimu anataka tumwandikie Mrajis kabla ya kugusa. Mimi nimependekeza barua kwa Mrajis iende sasa, tangazo liendelee hadi mwaka utimie, na zikianza kutumika, kiasi hicho kibaki kwenye vitabu kama deni letu kwa wenyewe. Mfanyabiashara bado hajasema yuko wapi. Tunapiga kura kikao kijacho, kabla taarifa ya mwaka haijapelekwa.